Kadi Yako Hujaipoteza, Mbona Unaletewa Nyingine?

Kila duka kubwa linapodukuliwa, wateja hutuuliza sisi watu wa benki: "Kadi ninayo mfukoni, hela zipo zote, mnanibadilishia ya nini?" Wana haki ya kuuliza. Ila mwizi wa siku hizi hana shida na kadi yenyewe. Anazitaka namba zake, na hizo huchukuliwa huku kadi imetulia mfukoni mwako.

Mwishoni mwa 2013, wadukuzi waliingia katika mfumo wa maduka ya Target, Marekani, kwa nywila walizomwibia mkandarasi wa mitambo ya kupoza hewa. Kutoka hapo wakapenyeza programu hasidi hadi kwenye mashine za kulipia. Ilivizia ile nukta ambapo data za kadi hupita kwenye kumbukumbu ya mashine zikiwa wazi, ikazinyakua. Kadi zipatazo milioni 40 zilinaswa katika wiki chache za manunuzi ya Krismasi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Home Depot: kadi milioni 56.

Kilichowarahisishia kazi ni ule mstari mweusi nyuma ya kadi. Ukanda wa sumaku ni kasuku: kila ukipitishwa hurudia maneno yaleyale, na aliyeyanasa mara moja huweza kuyaandika kwenye kadi tupu akaenda nayo dukani. Chipu, kile kimraba kidogo cha metali mbele ya kadi, si hivyo. Kwa kila muamala hutunga msimbo mpya, kwa ufunguo wa siri usiotoka nje ya chipu yenyewe. Msimbo wa jana leo ni takataka. Ufaransa ilikuwa na kadi za chipu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Marekani ilijikokota mpaka Oktoba 2015, kampuni za kadi zilipobadili kanuni: kadi ya chipu ikighushiwa, na duka halina mashine ya kusoma chipu, hasara kwa kawaida huliangukia duka. Hapo ndipo wengi walipokumbuka kununua mashine mpya.

Tatizo limebaki mtandaoni, ambako chipu haichomekwi popote. Namba, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma mara nyingi zinatosha kununulia kitu. Ndiyo maana tunabadilisha namba. Plastiki inafuata tu. Malipo kwa simu yana nafuu hapa, kwani duka hupewa tokeni, yaani namba mbadala ambayo mwizi akiipata haimsaidii kwingine. Mimi mwenyewe hulipa hivyo kila inapowezekana.

Kadi mpya ikifika, katakata ya zamani, mkasi upite katikati ya chipu na ukanda. Kisha pitia malipo yanayojikata yenyewe kila mwezi uyape namba mpya, maana mengine hayajisasishi. Katika taarifa ya akaunti, usidharau vijimuamala vidogo usivyovitambua. Mara nyingi mwizi hujaribu kwa hela kidogo kabla ya kukomba. Wenye kadi ya debiti wawahi zaidi kutoa taarifa, kwa sababu pesa inayotoka ni yao papo hapo, si mkopo wa benki.

Matapeli nao husoma habari. Ukipigiwa na "ofisa wa benki" anayetaka namba ya siri au msimbo uliotumwa kwenye simu ili "akamilishe kubadilisha kadi", kata simu. Kisha piga wewe namba iliyo nyuma ya kadi, hata ile ya zamani kama mpya haijafika.