Damu nyingi haingoji msimu: maswali kuhusu Ayurveda na hedhi

Ayurveda inasemaje kuhusu misimu?
Ni tiba ya jadi ya India. Mwaka umegawanywa misimu sita, kila mmoja na mlo na matunzo yake: vasanta, majira ya machipuko, watu hutapishwa, wakati wa mvua hupigwa bomba la mafuta njia ya haja kubwa, sharad hunyweshwa haluli, dawa ya kuharisha. Sharad ni ya huko kwao, katikati ya Septemba hadi Novemba. Sisi Mombasa muda huo tunangoja vuli.

Kuna ubaya?
Kula mboga za msimu, kujipaka mafuta, kulala mapema? Endelea.

Hedhi yangu ni nyingi. Nimeambiwa pitta, joto la mwili, limepanda, msimu ukigeuka itatulia. Ningoje?
Usingoje. Mama anaingia kliniki ameshika ukuta, kanga mbili kiunoni, viganja vimepauka, na bado ananiambia, "Nangoja joto lipungue, dada." Miezi minne anangoja! Ukijaza pedi ndani ya saa moja, damu ikipita siku 7, au ikitoka baada ya tendo la ndoa, nenda hospitali. Hedhi ikishakoma mwaka mzima, kisha ukaona hata doa, usiseme imerudi. Hiyo si hedhi, na yaweza kuwa saratani. Nenda wiki hii.

Jirani yangu alingoja, na damu ikakata.
Damu ilikata. Kilichoileta je, kimeondoka? Uvimbe wa kizazi unaweza kutulia mwezi huu, mwezi ujao ukakumwaga damu tena. Na saratani ya mlango wa kizazi haijui vasanta wala kaskazi. Kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi na kuangaliwa ni dakika chache tu. Nasema tena: usingoje.

Nina mimba. Ninywe haluli ya kusafisha mwili?
Hapana. Ukiona damu na mimba, hata tone, njoo siku hiyohiyo.

Na zile poda na vidonge? Si ni miti tu?
Si vyote. Vingine hutiwa madini makusudi. Kati ya 2011 na 2012, jijini New York, wajawazito sita waliotumia dawa za Ayurveda kutoka India walikutwa na sumu ya madini ya risasi mwilini. Risasi hupita kondo ikamfikia mtoto. Basi ukija, njoo na kichupa chenyewe, hata kama karatasi yake imebanduka. Msikifiche kwenye mkoba mpaka niulize mara tatu.