Ekari 160: mnyororo uliowatangulia walowezi wa Marekani

Kila nikienda kupima mashamba vijijini nakuta ubishi uleule. Muuzaji anasema ekari ni hatua 70 kwa 70, mnunuzi anasema ni mita 70 kwa 70, mwenyekiti wa kitongoji anakuna kichwa, kisha wote wananigeukia mimi. Ukipiga hesabu, mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, na ekari ni 4,047 hivi. Kwa hiyo mwenye hatua ndiye aliye karibu na haki, mradi asitafutwe mtu mfupi wa kuzipiga.

Ekari yenyewe haijui hatua wala mita. Inakaa sawasawa kwenye mnyororo. Mwaka 1620 Mwingereza Edmund Gunter alieleza mnyororo wake wa kupimia wenye pete 100 na urefu wa futi 66, yaani mita 20.12. Minyororo 80 ni maili moja. Minyororo ya mraba 10 ni ekari moja. Aliyejua kuhesabu kwa kumi tu aliweza kutoka porini jioni akiwa na idadi ya ekari mfukoni.

Nimeanza na mnyororo kwa sababu watu wakijua kazi yangu huniuliza Marekani ilisambaaje kutoka pwani ya Atlantiki hadi Pasifiki kwa muda wa karne moja hivi. Wanategemea niwaeleze bunduki, farasi na yale magari ya kukokotwa yenye turubai nyeupe. Vyote vilikuwepo. Ila mimi ni mpima, na ninachokiona kwenye ramani ya nchi ile ni miraba.

Turudi 1785. Vita vya uhuru vimekwisha, serikali mpya ina madeni hadi shingoni, na Bunge lake halina mamlaka ya kutoza kodi. Lilichoweza kuuza ni ardhi ya ng'ambo ya mto Ohio, ambako makabila ya Shawnee, Delaware na Miami yalikuwa yakiishi na wengi wao hawakuwa wamekubali kuiachia. Tarehe 20 Mei Bunge likapitisha sheria: ardhi ipimwe kwanza, ndipo iuzwe. Kwetu linasikika jambo la kawaida. Kwao lilikuwa jipya, maana huko Virginia na Kentucky mtu alijichagulia kipande chake, akaandika kwamba mpaka unaanzia kwenye mwaloni mkubwa, unafuata kijito, unaishia kwenye jiwe. Mwaloni ukianguka, kesi. Babake Abraham Lincoln, rais wa baadaye, alihama Kentucky mwaka 1816, na sababu mojawapo ilikuwa hati za mashamba zisizoeleweka. Alikimbilia Indiana, ambako miraba ilikuwa imeshachorwa.

Miraba yenyewe ni hivi. Mraba mkubwa, taunshipi, una maili 6 kila upande. Ndani yake mna seksheni 36, kila seksheni maili moja kwa maili moja, ekari 640. Igawe seksheni mara nne unapata robo yenye ekari 160, kama hekta 65. Ishike namba hiyo, tutakutana nayo tena. Tangu sheria ya 1796 seksheni huhesabiwa kuanzia kona ya kaskazini mashariki: 1 hadi 6 kuelekea magharibi, unashuka mstari mmoja, 7 hadi 12 unarudi mashariki, kama ng'ombe wa plau anavyogeukia mwisho wa shamba. Seksheni ya 16 ilitengewa shule.

Tarehe 30 Septemba 1785 Thomas Hutchins, aliyekuwa na cheo cha Mwanajiografia wa Marekani, alianza kuvuta mnyororo kuelekea magharibi kutoka ukingo wa mto Ohio, karibu na mji ambao leo unaitwa East Liverpool. Alikwenda takriban maili 4. Habari zikamfikia kwamba wenyeji wanashambulia huko mbele, akafunga vifaa akarudi. Kazi iliendelea mwaka uliofuata. Amani ya kuwawezesha wapima kutembea bila askari ilipatikana tu baada ya vita vya Fallen Timbers mwaka 1794 na mkataba wa Greenville mwaka uliofuata, na mkataba huo uliwanyang'anya wenyeji sehemu kubwa ya Ohio. Utaratibu huu ulijirudia hadi Pasifiki: shinikizo, mkataba, mnyororo, mnada.

Kazi ya porini naijua, kwa hiyo mnivumilie kidogo. Kikosi kilikuwa na mpima na dira yake, watu wawili wa mnyororo, wenye mashoka, na mshika bendera. Wa mbele anavuta, wa nyuma anashikilia, pini ya chuma inachomekwa, wanasogea. Kwenye mteremko mnyororo lazima ushikwe usawa, kipande kwa kipande, maana ukiulaza juu ya kilima shamba linapungua. Kila nusu maili waliweka alama. Penye msitu walichagua miti ya karibu, wakaichonga ganda, wakaandika namba na kurekodi umbali wake kutoka kwenye kona. Miti hiyo iliitwa miti shahidi. Kwenye mbuga tupu zisizo na mti walichimba mashimo, wakarundika kichuguu cha udongo, na chini yake wakafukia makaa. Makaa hayaozi. Mpima wa miaka mia baadaye akichimba akakuta weusi ule, anajua kona ilikuwa hapo. Nilipojifunza hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu mimi niliwahi kupoteza siku nzima nikitafuta bikoni ya zege, kumbe mama mmoja ameifanya figa.

Mwaka 1815 vikosi viwili viliingia Arkansas, sehemu ya eneo lililonunuliwa kutoka Ufaransa mwaka 1803 kwa dola milioni 15. Prospect Robbins alipanda kaskazini kutoka mdomo wa mto Arkansas. Joseph Brown alikwenda magharibi kutoka mdomo wa mto St. Francis. Mistari yao ilikutana katikati ya kinamasi, na mahali hapo pakawa chanzo cha vipimo vya sehemu kubwa ya nchi hadi mpaka wa Kanada. Pakasahaulika. Mwaka 1921 wapima waliokuwa wakisuluhisha ubishi wa mpaka wa kaunti mbili waliikuta miti shahidi ya 1815 bado imesimama ndani ya maji.

Kuna tatizo moja ambalo karatasi haikuliona. Dunia ni mviringo, na mistari inayokwenda kaskazini hukaribiana. Kwenye latitudo ya 40, taunshipi inakuwa fupi upande wa kaskazini kwa karibu mita 12. Wapima walilazimika kuanza upya kila baada ya umbali fulani, baadaye ikawekwa maili 24. Ndiyo maana ukiendesha gari Kansas kwenye barabara iliyonyooka kama rula, ghafla inakata kona kushoto, inakata tena kulia, halafu inaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Hapo umepita juu ya hesabu ya mpima.

Uzuri wa mfumo, kwa mnunuzi, ni kwamba mtu wa Philadelphia aliweza kununua robo ya kusini mashariki ya seksheni 22 bila kuikanyaga. Ubaya wake ni huohuo. Karatasi haina mahali pa kuandika nani anaishi pale. Waganda wanaujua ugonjwa huu. Ardhi yao ya mailo ina jina hilo kwa sababu mkataba wa 1900 uliigawa kwa maili za mraba, na waliokuwa wakilima juu yake wakajikuta wapangaji.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Georgia, jimbo ambalo halikuwamo hata kwenye mfumo wa serikali kuu. Mwaka 1832 jimbo lilikata nchi ya kabila la Cherokee vipande vya ekari 160, na vya ekari 40 penye dhahabu, likavichezesha bahati nasibu. Cherokee walikuwa bado wamo majumbani mwao. John Ross, chifu wao mkuu, alirudi kutoka Washington mwaka 1835 akakuta nyumba yake ina mwenyewe mpya aliyeshinda tiketi. Miaka mitatu baadaye jeshi liliwakusanya na kuwapeleka magharibi; kati ya watu 16,000 hivi, inakadiriwa 4,000 walikufa.

Sasa tufike kwenye sheria maarufu. Tarehe 20 Mei 1862, miaka 77 kamili baada ya ile ya kwanza, Lincoln alitia saini Sheria ya Homestead. Mkuu wa kaya, au mtu yeyote mwenye miaka 21, raia au aliyetangaza nia ya kuwa raia, ambaye hajawahi kubeba silaha dhidi ya Marekani, achukue robo ya seksheni. Ajenge, alime, akae miaka 5, alipe ada ya kama dola 18, ardhi ni yake. Wanawake wasio na waume waliruhusiwa, na wengi walichukua. Daniel Freeman wa Nebraska anahesabiwa kuwa wa kwanza. Inasemekana alimshawishi karani wa ofisi ya ardhi ya Brownville afungue mara baada ya saa sita usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1863. Mwishoni mwa miaka 5 ulileta majirani wawili waape kwamba kweli ulikaa. Aliyewahi kusainisha wapakani wake hati ya kijiji anajua jirani wa namna hiyo anaweza kuapa nini akinunuliwa chai. Zipo simulizi za watu walioapa kuwa na nyumba ya 12 kwa 14, wakanyamaza kwamba ni inchi.

Hata hivyo zaidi ya hati milioni 1.6 zilitolewa, ekari milioni 270, karibu asilimia 10 ya nchi nzima. Reli nazo zilipewa seksheni zenye namba witiri kando ya njia, serikali ikabaki na shufwa, na huko Wyoming ramani ya umiliki mpaka leo inafanana na ubao wa drafti.

Nicodemus, Kansas, ulianzishwa mwaka 1877 na watu Weusi waliotoka Kentucky, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani. Willianna Hickman alifika mwaka uliofuata, akauliza mji uko wapi. Akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini: watu walikuwa wakiishi kwenye mashimo waliyochimba, maana hapakuwa na miti ya kujengea. Alilia, na alisimulia hivyo mwenyewe. Lakini alibaki. Reli ilipoukwepa mji mwaka 1888 wafanyabiashara walihama, ila Nicodemus haukufa.

Namba ileile ikageuzwa kuwa dawa ya wenyeji. Sheria ya Dawes ya 1887 ilivunja ardhi za pamoja za makabila: ekari 160 kwa mkuu wa familia, pungufu kwa wengine, na kilichobaki kikaitwa ziada na kuuzwa. Mwaka huo makabila yalikuwa na ekari milioni 138. Kufikia 1934 yalibakiwa na milioni 48. Namba hizo mbili huwa siziongezei neno.

Oklahoma, saa sita mchana, tarehe 22 Aprili 1889, watu kama 50,000 walisimama mpakani wakisubiri mlio wa kuwaruhusu kukimbilia vipande vya ardhi, anayewahi achukue. Picha zinaonyesha farasi na vumbi. Zisichoonyesha ni kwamba ukishafika ulipaswa kutafuta jiwe la kona, usome namba za seksheni, taunshipi na safu zilizochongwa, kwa sababu ofisini hawakutaka maelezo ya mti wala kijito. Mwenye mbio asiyejua kusoma jiwe alishindwa na mwenye punda anayejua. Mji wa Guthrie ulikuwa tupu asubuhi, jioni ulikuwa na watu kama 10,000 na hema juu ya hema.

Shida ni kwamba mnyororo hupima pande za shamba, haupimi mvua. Ekari 160 zilitosha kabisa Illinois na Iowa. John Wesley Powell, meja aliyepoteza mkono wa kulia vitani mwaka 1862 na bado akateremka mto Colorado kwa mashua mwaka 1869, aliliandikia Bunge ripoti mwaka 1878. Alisema magharibi ya longitudo ya 100 hivi mvua ni chini ya inchi 20 kwa mwaka, kama milimita 500, na kilimo cha kuitegemea ni kamari. Msomaji wa Dodoma ataelewa bila maelezo, mvua yake haipishani sana na hiyo. Powell alipendekeza mashamba ya ekari 80 penye maji ya kumwagilia, na malisho ya ekari 2,560 pasipo na maji, mipaka ifuate mito badala ya miraba ili kila mtu aguse maji. Kwangu ile ndiyo ripoti bora ya ardhi ya karne ile. Bunge halikuifuata. Wauza viwanja walikuwa na msemo wao kwamba mvua hufuata jembe, na miaka michache ya neema ikawafanya wasadikike. Mwaka 1893 Powell alizomewa Los Angeles kwa kuwaambia wajumbe wa mkutano wa umwagiliaji kwamba maji hayatatosha.

Ukame ulipowarudisha watu mashariki kwa maelfu, Bunge lilitafuta tiba: ekari 320 mwaka 1909, ekari 640 mwaka 1916. Nusu seksheni, kisha seksheni nzima. Mraba uliongezwa ukubwa, ukabaki mraba. Mbuga zilizolimwa zikaja kupeperuka, na tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi liligeuza mchana kuwa usiku Oklahoma na Texas.

Fungua picha za setilaiti uangalie Kansas ya magharibi leo. Utaona duara la kijani ndani ya kila mraba, mamia kwa mamia. Ni bomba refu lenye magurudumu linalozunguka kisima kilichochimbwa katikati, ubunifu wa mkulima Frank Zybach uliopata hataza mwaka 1952, likinyonya maji ya chini ya ardhi ambayo hayarudi kwa kasi yanavyotolewa. Mraba ni robo ya seksheni, ekari 160. Duara linaloenea ndani yake linachukua ekari 125 na ushei. Zilizobaki 34 zimegawanyika kwenye kona nne, na bomba halifiki huko.