CPAP ya Mtoto Mchanga Si Oksijeni, Wala Si Mashine ya Kupumulia

Ndugu wa mama aliyejifungua mtoto njiti, awe katika hospitali ya Temeke au ya Mwananyamala jijini Dar es Salaam, akiulizwa hali ya mtoto hujibu mara nyingi kwamba "yuko kwenye oksijeni" au, jambo linalotia hofu zaidi, kwamba "mashine ndiyo inayompumulia", ilhali alichowekewa puani ni CPAP, ambayo si hiki wala kile.

CPAP ni njia ya kumsaidia mtoto anayepumua mwenyewe kwa kumpelekea puani hewa yenye mgandamizo mdogo usiokatika, ili mapafu yasijifunge kila anapotoa pumzi.

Oksijeni ni gesi. CPAP ni mgandamizo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupungukiwa safaktanti, ule ute unaovizuia vijifuko vya hewa vya mapafuni visigandane, upungufu ambao watafiti wa Marekani Mary Ellen Avery na Jere Mead waliubainisha mwaka 1959. Kwa hiyo kila anapotoa pumzi, vijifuko hivyo hunywea na kushikana kama mfuko wa plastiki uliolowa, naye hulazimika kuvifungua upya kwa nguvu asizokuwa nazo. Ukimpa oksijeni pekee, haitafika penye kijifuko kilichofungwa. Tena oksijeni ikizidi hudhuru mishipa ya damu ya macho ya njiti, hata kumpofusha, na ndiyo sababu inapotumika pamoja na CPAP inapasa kuchanganywa na hewa ya kawaida kwa kiasi kinachopimwa. Wapo watoto ambao CPAP yao hupitisha hewa ya kawaida tupu, yenye asilimia 21 ya oksijeni, bila nyongeza yoyote. Mtoto huyo tutasemaje kwamba yuko kwenye oksijeni?

Mashine ya kupumulia, kwa kawaida, hupitisha mrija hadi kwenye koromeo la hewa na kumsukumia mtoto pumzi. Daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco, Marekani, walipoieleza CPAP mwaka 1971, nao walitumia mrija kwa watoto wao wengi, lakini hii ya puani haiingii kooni wala haisukumi pumzi hata moja. Mtoto aliyeacha kupumua kabisa haitamtosha.

Pengine kinachopotosha ni ile chupa ya maji inayochemka viputo kando ya kitanda. Ncha ya mpira wa kutolea hewa huzamishwa humo, na kina cha sentimita 5 ndicho kinacholeta mgandamizo wa sentimita 5 za maji. Viputo hivyo, basi, si pumzi za mtoto, bali ni hewa ya mtambo inayotoka. Vikikoma, mama asidhani kwamba mwanawe amekata roho, kwani mara nyingi vijibomba vinavyomwingizia hewa vimechomoka puani, mpira umeachia mahali, au mtoto amefumbua kinywa na hewa inavujia hapo; amwite muuguzi papo hapo, amwambie kwamba viputo vimekoma.