Je, Wajua? Kwa Nini Herufi Nzito Pekee Hazitoshi Kuwa Kichwa Machoni pa Google

Chukua makala mbili za blogu zinazofanana kwa kila kitu: maneno yale yale, picha zile zile, hata vichwa vidogo vina ukubwa ule ule. Msomaji hawezi kuzitofautisha. Lakini ukichungulia HTML iliyo nyuma yake, yaani msimbo unaokiambia kivinjari kila kipande cha ukurasa ni nini, makala ya kwanza ina mstari huu:

<p><strong>Dalili za betri iliyochoka</strong></p>

Na ya pili ina huu:

<h2>Dalili za betri iliyochoka</h2>

Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta, mstari wa kwanza ni aya fupi tu iliyokolezwa herufi, pengine kwa sababu mwandishi alitaka kusisitiza jambo. Wa pili unatangaza kwamba kuanzia hapo hadi kichwa kinachofuata, habari inayozungumzwa ni dalili za betri iliyochoka. Sasa wenye blogu huulizana kila siku: tofauti hiyo ndogo inasaidiaje makala kupanda kwenye matokeo ya utafutaji? Na je, inasaidia kweli?

Inasaidia, ila si kwa njia inayouzwa na wengi wanaojiita wataalamu wa SEO, yaani ufundi wa kuupandisha ukurasa kwenye matokeo ya utafutaji.

Tagi ni zile alama za HTML zilizo ndani ya mabano ya pembe. Tagi za vichwa ziko sita, h1 hadi h6. h1 ni jina la makala yenyewe, h2 ni sehemu zake kubwa, h3 ni vijisehemu vilivyo ndani ya h2, na kuendelea kushuka hivyo. Makala ya kawaida ya blogu haina haja ya kuvuka h3, na anayefika h6 huenda anaandika sheria, si blogu. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba tagi hizi hazikubuniwa kwa ajili ya Google. Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, alipoorodhesha tagi za mwanzo za HTML mwaka 1991, akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, vichwa vilikuwemo tayari. Aliazima mtindo huo kutoka lugha ya kupangia nyaraka iliyokuwa ikitumika hapo hapo CERN. Kazi ya tagi hizo ilikuwa moja: kueleza mpangilio wa waraka, ili kompyuta ya aina yoyote, hata isiyoweza kuonyesha herufi za ukubwa tofauti, ijue kipi ni kichwa na kipi ni maelezo.

Google ilipoingia, ilikuta vichwa viko na ikavitumia. Mwaka 1998 waanzilishi wake, Sergey Brin na Larry Page, wakiwa bado Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha maelezo ya jinsi injini yao ya utafutaji ilivyofanya kazi. Humo walieleza kwamba kila neno linapotokea kwenye ukurasa huhifadhiwa kwa baiti mbili tu, yaani biti 16, na ndani ya nafasi hiyo finyu walitenga biti moja ya kuonyesha kama neno limeandikwa kwa herufi kubwa (A badala ya a), na biti tatu za ukubwa wa maandishi. Biti 12 zilizobaki zilionyesha neno liko wapi katika ukurasa. Kwa maneno mengine, tangu siku za mwanzo kabisa, neno lililoandikwa kwa maandishi makubwa halikuhesabiwa sawa na neno lililojificha katikati ya aya.

Hapo kuna jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Ukubwa huo haukupimwa peke yake, ulipimwa kwa kulinganishwa na maandishi mengine ya ukurasa huo huo. Sababu waliyoitoa ni rahisi: haifai kurasa mbili zenye maudhui sawa zipangwe tofauti eti kwa sababu moja imetumia maandishi makubwa zaidi. Ndiyo maana anayekuza kila kitu hajakuza chochote. Ukurasa ambao nusu ya sentensi zake ni vichwa hauiambii injini lolote kuhusu kipi kina uzito.

Watu walipong'amua kwamba vichwa vina uzito, walifanya kile ambacho watu hufanya siku zote. Walijaza maneno muhimu ndani ya h1, wakazidisha h1 kumi katika ukurasa mmoja, wengine wakafunga aya nzima ndani ya h1 kisha wakaipunguza kwa CSS, msimbo wa kupangia mwonekano wa ukurasa, ili msomaji aione kama maandishi ya kawaida. Injini za utafutaji nazo hazikulala. Ishara ambayo mwenye ukurasa anaweza kuichezea kwa dakika mbili haiwezi kuachiwa iamue nani awe wa kwanza.

Leo hali ni ya utulivu zaidi kuliko unavyosikia kwenye video za mafunzo. John Mueller, mfanyakazi wa Google anayejibu maswali ya wenye tovuti, alisema waziwazi mwaka 2019 kwamba tovuti yako itafanya vizuri iwe haina h1 hata moja au inazo tano. Mwongozo wa Google kwa wanaoanza SEO unasema kuvipanga vichwa kwa mfuatano sahihi ni jambo zuri mno kwa wanaotumia programu za kusoma skrini, lakini kwa upande wa utafutaji si kitu, na kwamba hakuna idadi maalumu ya vichwa inayotakiwa. Kwa hiyo ile taa ya kijani inayowaka kwenye programu-jalizi ya SEO (kiongezo kinachowekwa kwenye blogu) ukishaweka neno lako muhimu katika h2 mbili inapima utii wako kwa programu-jalizi hiyo. Google haiioni.

Kama ni hivyo, kwa nini basi tuhangaike na h2?

Kwa sababu injini ya utafutaji inapaswa kwanza kuelewa kabla ya kupanga. Tuseme umeandika makala ndefu kuhusu betri ya simu inayoisha haraka. Ndani yake kuna aya nzuri sana inayoeleza kwa nini chaji hupungua usiku wakati simu imelala tu mezani. Lakini vichwa vyako ni hivi: Utangulizi, Mambo ya Kuzingatia, Mengineyo, Hitimisho. Na aya yenyewe, iliyo chini ya Mengineyo, inaanza hivi: "Hali hii pia hutokea kwa sababu kuna kazi zinazoendelea chinichini." Hali ipi? Msomaji aliyesoma tangu mwanzo anajua. Aliyetua hapo ghafla hajui, na mashine inayojaribu kupima aya hiyo kama jibu la swali fulani inalazimika kurudi nyuma na kubahatisha.

Badilisha kichwa hicho kiwe "Kwa nini chaji hupungua usiku simu ikiwa haitumiki" na mambo yanageuka. Aya ni ile ile, hukugusa neno. Ila sasa imepata jina, na jina hilo linakaribiana na maneno ambayo mtu mwenye tatizo angeandika kwenye kisanduku cha kutafuta: simu inaisha chaji usiku bila kutumika. Mwaka 2021 Google ilianza kutumia, kwa kuanzia na maswali ya Kiingereza nchini Marekani, mfumo unaoweza kutambua kwamba kifungu kimoja ndani ya ukurasa mrefu kinajibu swali fulani, hata kama ukurasa wenyewe kwa jumla unazungumzia jambo pana zaidi. Mfumo huo haudai tagi yoyote ya pekee. Lakini kifungu chenye kichwa kinachosema ukweli kuhusu kilichomo ni rahisi kutambulika kuliko kifungu kilichoitwa Mengineyo.

Wengine wakisikia hivi huruka upande wa pili. Kichwa cha kwanza: Betri ya simu kuisha haraka ni nini. Cha pili: Sababu za betri ya simu kuisha haraka. Cha tatu: Suluhisho la betri ya simu kuisha haraka. Cha nne, Mungu saidia: Hitimisho kuhusu betri ya simu kuisha haraka. Mwandishi anaamini ameitia nguvu makala. Alichofanya ni kuondoa tofauti kati ya sehemu na sehemu, kwa sababu maneno matano kati ya saba ni yale yale kila mara. Jina la makala lilishasema habari ni betri. Kazi ya h2 ni kusema kile ambacho sehemu hiyo inacho na nyingine hazina.

h1 ina kazi yake nyingine ambayo wengi hawaijui. Kile kichwa cha bluu unachokibofya kwenye matokeo ya Google si lazima kiwe kile ulichoandika kwenye tagi ya title, yaani jina la ukurasa linaloonekana kwenye kichupo cha kivinjari. Google hukitunga yenyewe kutokana na vyanzo kadhaa: title, maandishi makubwa yanayoonekana kwenye ukurasa, h1, hata maneno ya viungo vinavyoelekea kwako. Ikiona title yako ni ndefu kupita kiasi, imejazwa maneno, au inafanana na ya kurasa zako nyingine zote, inaweza kuichukua h1 na kuiweka badala yake. Ndipo mtu anashangaa kuona makala yake imeorodheshwa kwa jina la blogu pekee: alitumia muundo wa blogu (theme) wa zamani ambao huiweka nembo ya tovuti ndani ya h1 katika kila ukurasa.

Makosa mengi ya vichwa hayatokani na ujinga wa SEO, yanatokana na ukubwa wa herufi. Vivinjari vina ukubwa wao wa asili: h1 ni mara 2 ya maandishi ya kawaida, h2 mara 1.5, h3 mara 1.17, h4 ni sawa kabisa na maandishi ya kawaida, na h5 na h6 ni ndogo kuliko hata aya yenyewe. Mwandishi anaweka h2, anaiona kubwa kama bango, anajaribu h3, bado, anatua kwenye h4 kwa sababu inapendeza. Mwingine ana sentensi anayotaka ionekane, anaifanya h3. Wote wawili wanatumia tagi ya mpangilio kama rangi ya kupaka ukutani. Ukubwa hurekebishwa kwa CSS au kwenye mipangilio ya muundo wa blogu, mara moja tu, kisha h2 inabaki h2. Wanaotumia WordPress, mfumo wa kuendeshea blogu, wamerahisishiwa kiasi: kihariri chake kinapoongeza kichwa huanza na h2, kwa kuwa h1 kwa kawaida imeshachukuliwa na jina la makala.

Kuna kundi moja la wasomaji ambalo kwao mjadala huu wote si wa nafasi kwenye matokeo hata kidogo. Asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini kama NVDA au JAWS kwenye kompyuta hubonyeza herufi H na kurushwa hadi kichwa kinachofuata. Akibonyeza 2 anapelekwa kwenye h2 inayofuata, akibonyeza 3 kwenye h3. Kwenye iPhone, programu ya aina hiyo iitwayo VoiceOver hufanya kazi hiyo kwa ishara ya vidole. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 na WebAIM, shirika linaloshughulikia tovuti zifikiwe na wenye ulemavu, zaidi ya theluthi mbili ya watumiaji wa programu hizi walisema hiyo ndiyo njia wanayoanza nayo wanapotafuta habari katika ukurasa mrefu. Sasa irudishe ile makala ya herufi nzito. Mtu huyo anabonyeza H na kuambiwa hakuna kichwa kinachofuata. Amebakiwa na kusikiliza maneno yote 2,000 kwa mfuatano, au kuondoka.

Binafsi naona hiki ndicho kipimo bora, hata kwa anayewaza Google peke yake. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kichwa, fungua sehemu ya kukagua ukurasa, uone kama kweli ni h2 au ni aya iliyovaa koti. Kisha nakili vichwa peke yake kwenye karatasi na umpe mtu asiyeisoma makala. Akiweza kukueleza makala inahusu nini na inajibu maswali gani, basi vichwa vimetosha. Akisoma Utangulizi, Mambo ya Kuzingatia, Mengineyo na kukutazama tu, unajua pa kuanzia. Usishangae pia kukuta vichwa ambavyo hukuviandika: miundo mingi huweka "Makala mpya" na "Tufuate" za pembeni kama h2, zikawa na cheo sawa na sehemu za makala yako.

Ukiwa na makala nyingi za zamani, anza na zile ambazo Search Console, chombo cha Google cha kuwaonyesha wenye tovuti jinsi kurasa zao zinavyotokea kwenye utafutaji, inaonyesha zinatokea kwenye ukurasa wa pili wa matokeo. Hizo Google imeshakubali kwamba zinahusika. Usitegemee kichwa kipya kifidie aya tupu chini yake. Aya isiyo na jibu itabaki hivyo hata ukiipa jina zuri. Na mabadiliko hayaonekani papo hapo, maana roboti ya Google inapaswa kuupitia ukurasa tena, jambo linaloweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa.

Kabla hujabadilisha, angalia kama blogu yako ina orodha ya yaliyomo inayojitengeneza yenyewe. Programu-jalizi nyingi za aina hiyo hutunga anwani ya kila sehemu kutokana na maneno ya kichwa chake. Ukibadilisha kichwa, anwani hiyo nayo hubadilika, na kila kiungo kilichokuwa kikielekea moja kwa moja kwenye sehemu hiyo sasa kitamshusha msomaji juu kabisa ya ukurasa. Kama programu-jalizi inaruhusu kuandika anwani hiyo kwa mkono, bakiza ya zamani na ubadilishe kichwa peke yake.