Magome ya mti hayachukui nafasi ya dawa za moyo

Ujumbe huu haukomi kuzunguka kwenye magrupu: chemsha magome ya mti fulani, kunywa asubuhi na jioni, misuli ya moyo itapata nguvu na vidonge utavitupa. Mwishoni huongezwa "imethibitishwa na wanasayansi".

Ni kweli magome ya baadhi ya miti hugusa moyo, na hatari iko hapohapo. Magome ya sinkona, mti unaotoa kwinini (dawa ya malaria), yana pia kwinidini, dawa iliyotumika kurekebisha mapigo ya moyo. Dawa hiyohiyo huweza kupunguza nguvu ya moyo kujikaza, na ikizidi huvuruga mapigo hadi kuua. Kidonge kina miligramu zinazojulikana. Sufuria je? Kiasi hutegemea umri wa mti, gome lenyewe na muda wa kuchemsha.

Mkanganyiko mwingi huanzia maabara. Dondoo la magome, yaani kemikali zilizokamuliwa humo, likijaribiwa kwenye moyo wa mnyama uliotolewa mwilini, ukadunda kwa nguvu zaidi, hayo ni matokeo halali, lakini si tiba ya binadamu.

Kwa hiyo kagua: mti umetajwa jina? Walijaribiwa watu, au panya? Walilinganishwa na nani? Ujumbe usiojibu hayo, tafadhali usiusambaze. Na kama tayari unakunywa magome, usiache dawa zako. Mtajie daktari au mfamasia mti na kiasi, hasa ukiwa unameza dijoksini, dawa nyingine ya moyo, kwani kwinidini hupandisha kiwango chake kwenye damu.