Jeni ya panya haimpi nzi jicho la panya

Wengi huamini kwamba "jeni ya jicho" imebeba ramani nzima ya jicho la mnyama husika. Sivyo. Mwaka 1995, maabara ya mwanabiolojia Walter Gehring huko Basel, Uswisi, ilipandikiza jeni ya panya iitwayo Pax6 kwa nzi wa matunda na kuiwasha wangali mabuu, kwenye tishu ambazo baadaye huwa miguu. Macho yakaota mguuni, tena ya nzi kabisa, yenye vilenzi vingi! Kazi ya protini inayotengenezwa kutokana na jeni ya Pax6 ni kujishikiza kwenye DNA mahali maalumu na kuwasha jeni nyingine. Na hizo zilikuwa za nzi mwenyewe. Inashangaza zaidi ukikumbuka kuwa ukoo wa panya na wa nzi ulitengana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.