Kuzeeka kwa mwili: maswali ya watu wa Lamu na majibu yake

Mwili huzeeka kwa nini?

Mwaka 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba seli za binadamu zikikuzwa maabarani hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha husimama. Sababu mojawapo ni telomea, yaani ncha za kromosomu, ambazo hupungua kila seli inapogawanyika. Seli zilizosimama hazifi zote. Nyingine hubaki mwilini zikimwaga kemikali zinazodhuru seli jirani. Mwaka 2011 watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, waliziondoa seli hizo kwa panya waliobadilishwa jeni ili wazeeke upesi, na panya hao wakachelewa kupata mtoto wa jicho na kuisha misuli.

Basi kuna dawa ya kurefusha umri?

Kwa panya, ndiyo. Mwaka 2009 ilionekana kwamba rapamaisini huwarefushia maisha hata wakianza kuitumia uzeeni. Lakini dawa hiyo hushusha kinga ya mwili; ndiyo maana hupewa waliopandikizwa figo. Metformini, ambayo nayo hutajwa kwa kurefusha umri, ni dawa ya sukari, na ikitumiwa muda mrefu huweza kupunguza vitamini B12. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kumrefushia maisha mtu mzima wa afya. Anayekuuzia kwa ahadi hiyo, usimpe pesa zako.

Na kufunga?

Tangu 1935, Clive McCay alipowapunguzia panya chakula wakaishi zaidi, wazo hili limefuatwa sana. Kwa watu, utafiti mmoja wa Marekani ulitaka washiriki wapunguze chakula kwa asilimia 25 kwa miaka miwili. Wakaweza asilimia 12 hivi tu. Presha na lehemu zilishuka, ila na mifupa ilipungua uzito kidogo. Kijana mnene atafaidika. Mzee aliyekonda asijinyime. Mwenye sukari anayedunga insulini amwone daktari kabla ya Ramadhani ili apangiwe dozi upya, maana sukari ikishuka ghafla mchana huweza kumwangusha.

Kwa hiyo mzee aanzie wapi?

Kwenye mapaja. Mwaka 1990 utafiti wa Boston ulichukua wazee dhaifu kumi wa umri wa miaka 90 hivi, wakafanyishwa mazoezi ya uzito kwa wiki nane. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Misuli ya mzee bado husikia ikiitwa.

Jipime kwanza. Chukua kiti kisicho na mikono, kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani kisiteleze. (Baraza isiyo na kimo hicho haifai kwa kipimo hiki.) Kunja mikono kifuani, uinuke na kukaa kwa sekunde 30, mwenzako akihesabu. Mwanamume wa miaka 70 hadi 74 asiyefika mara 12, au mwanamke wa umri huo asiyefika 10, yuko chini ya wastani na hatari ya kuanguka ni kubwa zaidi.

Zoezi ni hilohilo. Kaa katikati ya kiti, nyayo zote chini, inamisha kifua mbele, inuka, kisha shuka polepole ukihesabu hadi tatu. Fanya mara 8 hadi 12, pumzika, rudia mzunguko wa pili. Siku mbili au tatu kwa wiki, usifululize. Zikiwa rahisi, shika pakiti ya unga ya kilo 2 kifuani.

Wengi hukosea wakati wa kushuka: hujitupa kitini, na hapo faida inapotea. Wengine hubana pumzi, na presha hupanda. Toa pumzi unapoinuka. Goti likiuma, weka mto kitini ili usishuke chini sana. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha mara moja, ukaonwe na daktari.

Lamu tunatembea kila siku, hakutoshi?

Kutembea hadi kijiji cha Shela kunaufaa moyo sana, wala usikuache. Lakini kwenye njia tambarare paja halibebi mzigo wa kutosha kulijenga.

Chakula je?

Mzee anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 ni gramu 60 hadi 72 kwa siku. (Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.) Gramu 100 za changu aliyepikwa zina 20 na zaidi, yai moja 6. Tatizo ni asubuhi: mahamri kwa chai haina protini ya maana. Ongeza mayai mawili, au mbaazi. Ng'onda, yaani samaki wa chumvi aliyekaushwa, umloweke na kubadilisha maji, kwani chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai.

Mzee wetu anakonda bila kutaka. Ni uzee tu?

Usikubali jibu hilo. Aliyekuwa na kilo 60 akipoteza 3 ndani ya miezi sita hadi mwaka apelekwe hospitali: apimwe sukari, kifua kikuu, tezi ya shingoni na meno, na dawa anazotumia ziangaliwe.